Jioni ya Filamu Nyumbani: Mwongozo kwa Familia za Lugarawa na Nyanda za Ludewa

Jioni ya filamu, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni wakati uliotengwa na familia katika siku ileile ya kila wiki, au kila baada ya wiki mbili, ambapo watu wote wa nyumba hukaa pamoja, hutazama filamu moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha huizungumzia. Maana hiyo inaiacha nje hali iliyozoeleka katika nyumba nyingi zenye televisheni, ambapo kifaa huwashwa magharibi na kuzimwa watu wanapokwenda kulala, huyu akipita kusikiliza taarifa ya habari, yule akisubiri tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na kijana akiwa amejiinamia kwenye simu yake pembeni.

Kwa nini desturi hii ihitaji kuanzishwa kwa makusudi

Televisheni katika Tanzania Bara ni jambo la juzi. Zanzibar ilianza kurusha matangazo yake mwaka 1973, lakini Bara haikuwa na kituo chochote hadi mwaka 1994, hivyo mtu wa Lugarawa aliyezaliwa miaka ya 1970 alikulia katika nyumba ambamo burudani ya jioni ilikuwa redio na hadithi za jikoni, watoto wakiota moto huku bibi akisimulia. Hadithi ile ilikuwa na sifa moja ambayo televisheni haina, nayo ni kwamba msimuliaji hakuweza kuendelea bila msikilizaji: watoto waliitikia, waliimba kiitikio, waliuliza kwa nini fisi hakumla sungura, na bibi akijibu alirefusha au kufupisha kisa kulingana na nyuso alizoziona. Televisheni haisubiri jibu la mtu. Ndiyo maana familia inayotaka filamu ichukue nafasi ya hadithi ya jikoni inalazimika kuyarudisha mazungumzo kwa utaratibu maalumu, kwa sababu hayatakuja yenyewe.

Miji ya pwani inatoa funzo la pili. Kabla ya televisheni kuenea, familia za Unguja zilikuwa na mazoea ya kwenda sinema siku ya Jumapili, wakubwa kwa wadogo, wakiwa wamevaa vizuri, na mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake kuhusu sinema nchini Tanzania kilichochapishwa mwaka 2018, ameonyesha jinsi matembezi hayo yalivyokuwa sehemu ya maisha ya mji. Siku inayojulikana iliwasaidia watu kufika ukumbini wiki baada ya wiki, hata filamu ilipokuwa ya Kihindi na haikueleweka neno kwa neno. Desturi hukaa juu ya siku.

Ipo pia sababu ya malezi. Mtoto asiyepata filamu nyumbani huifuata katika kibanda umiza, yaani chumba cha biashara chenye mabenchi ambamo filamu na mechi za mpira huonyeshwa kwa kiingilio kidogo, na humo hakuna anayeuliza umri wa mtazamaji wala saa ya kurudi nyumbani. Kumkataza bila kumpa mbadala ni kazi ngumu.

Kuchagua siku na saa

Kosa la kwanza hufanyika hapa, kwa familia kuchagua siku inayopendeza badala ya siku iliyo wazi. Ijumaa huonekana nzuri kwa sababu wanafunzi hawana shule kesho yake. Jumamosi ni nzuri vilevile, ila ndiyo jioni ya mazoezi ya kwaya katika parokia na sharika nyingi, na ndiyo jioni ambayo Ligi Kuu hupenda kuweka mechi, na hakuna filamu inayoweza kushindana na Simba au Yanga katika nyumba yenye mshabiki. Jumapili inafaa pale tu filamu itakapoisha mapema, kwa kuwa mwanafunzi wa shule ya msingi huamka alfajiri ya Jumatatu. Mahali ambapo mmoja wa wazazi hufanya kazi za zamu, kama watumishi wa Hospitali ya Mtakatifu Yohane hapo Lugarawa, siku ya kudumu haiwezekani, na familia ya namna hiyo itumie kanuni nyingine iliyo thabiti vilevile: jioni ya kwanza ya mapumziko baada ya zamu za usiku.

Msimu nao uhesabiwe. Mvua za nyanda hizi huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo watu hurudi shambani wamechoka, umeme hukatika mara kwa mara, na mvua ikipiga bati hakuna spika ya nyumbani inayosikika. Miezi ya Juni na Julai ni ya baridi kali, watu hukaa ndani mapema, nayo likizo ya shule huangukia humo. Familia inayoanza desturi hii kwa mara ya kwanza inashauriwa kuanza Juni, ikiwa na kila mtu nyumbani, kuliko kuanza Januari ikiwa na palizi.

Saa ya kuanza ipangwe kwa kuhesabu kutoka saa ya kulala kurudi nyuma. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, linapendekeza kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, asizidishe saa moja mbele ya kioo, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa. Kwa hiyo filamu ikianza saa kumi na mbili na nusu jioni, wadogo hutazama sehemu yao hadi saa moja na nusu na kulazwa, na wakubwa humaliza saa mbili na nusu. Chakula cha usiku kitangulie, kwa maana ugali hauliwi vizuri gizani, na mpishi aliyebaki jikoni ameshaachwa nje ya desturi kabla haijaanza.

Umeme na vifaa

Wengi huahirisha jambo hili wakisubiri televisheni kubwa. Hawana sababu. Televisheni ya inchi 24 inawatosha watu watano waliokaa karibu, na ya inchi 32, ambayo kipimo chake kutoka pembe hadi pembe ni takribani sentimita 81, hutazamwa vizuri kwa umbali wa kati ya mita moja na nusu na mita mbili, umbali ambao sebule ndogo inautoa bila shida. Kompyuta mpakato yafaa kwa watu watatu au wanne. Simu ni ya watu wawili. Wakiwa zaidi ya hapo ni kusukumana.

Anayenunua televisheni Njombe mjini au Makambako na kuisafirisha kwa basi aizingatie hatari ya njiani kuliko ya dukani: aiwashe mbele ya muuzaji, airudishe kwenye boksi lake lenye vizuizi vya povu, aisafirishe ikiwa imesimama wima kama inavyosimama mezani, na asikubali ilazwe chini ya mizigo au juu ya magunia ya viazi, kwa kuwa kioo chembamba kikilazwa hupinda katikati na kupasuka kwa ndani bila boksi kuonyesha alama yoyote.

*KISANDUKU CHA 1: Hesabu ya umeme wa jioni moja*

Uniti moja ya LUKU ni nishati inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja.

– Televisheni ya LED ya inchi 32: takribani wati 50
– Subwoofer ndogo: takribani wati 35
– King'amuzi au deki: takribani wati 15
– Jumla: wati 100, kwa saa mbili ni wati-saa 200, yaani sehemu ya tano ya uniti moja.

Kwa anayetumia sola: betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600, lakini betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo zinazotumika ni 300. Televisheni ya sola ya inchi 24 yenye wati 25 pamoja na taa mbili za wati 5 hutumia wati-saa 70 kwa saa mbili. Siku ya ukungu paneli huingiza kidogo sana. Siku hiyo simu zisichajiwe kwenye betri hiyo tangu mchana.

Wale wanaopata umeme kutoka mitambo midogo ya maji, kama ilivyo Mawengi katika wilaya hiihii ya Ludewa, wakumbuke kwamba mtambo mdogo hulemewa saa za jioni nyumba zote zinapowasha vifaa kwa pamoja, na pasi au hita ya maji ikiwashwa wakati wa filamu inaweza kushusha nguvu ya umeme hadi televisheni ikazima. Kifaa cha kulinda televisheni dhidi ya umeme unaopanda na kushuka kina bei ndogo kuliko fundi.

Chumba, baridi na radi

Sakafu ya saruji katika Juni ni baridi kiasi cha kuiua shauku ya mtoto ndani ya robo saa. Mkeka peke yake hautoshi. Chini yake litandikwe godoro au magunia safi, na kila mtu awe na blanketi. Taa moja ndogo iachwe ikiwaka nyuma ya televisheni, kwani giza totoro huchosha macho, na ili mtoto anayehitaji kwenda msalani asiparamie vikombe vya chai.

*TAHADHARI: Jiko la mkaa*

Desturi ya kuingiza jiko la mkaa ndani ili kuota moto ndiyo hatari kubwa kuliko zote zinazotajwa hapa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huichukua nafasi ya oksijeni katika damu. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Jioni ya filamu huificha dalili ya mwisho: watoto wakianza kusinzia mmoja baada ya mwingine, mzazi hudhani filamu imewachosha. Jiko libaki nje au jikoni penye hewa. Chumba kipashwe joto kwa watu, mablanketi na chai. Mtu akionyesha dalili hizo, milango ifunguliwe, watu wote watolewe nje mara moja, na aliyeathirika apelekwe hospitali hata kama ameanza kuzungumza.

Radi ni hatari ya msimu wa mvua. Sauti husafiri takribani kilomita moja kwa sekunde tatu, kwa hiyo anayeona mwanga na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu hadi thelathini ajue kwamba radi iko ndani ya kilomita kumi. Televisheni ichomolewe kwenye umeme, na waya wa antena au dishi utolewe nyuma ya kifaa, ngurumo zikiwa bado mbali. Radi ikishafika juu ya nyumba, nyaya zisiguswe tena. Kuzima kwa rimoti hakulindi chochote.

Kuchagua filamu

Desturi nyingi za namna hii hufa katika mwezi wa pili, na chanzo cha kifo huwa kilekile: familia hukaa saa nzima ikibishana itazame nini, wadogo wakalala, baba akahamia kwenye taarifa ya habari, na wiki iliyofuata hakuna aliyekumbuka. Filamu ichaguliwe siku mbili kabla, na mtu mmoja, kwa zamu. Zamu ni haki ya kuchagua ambayo huzunguka kwa mpangilio unaojulikana, kutoka kwa mkubwa hadi mdogo na kurudi, na wengine hawana ruhusa ya kulalamika isipokuwa mzazi anapozuia kwa sababu ya umri. Bibi naye awe na zamu. Akisema hajui filamu, aulizwe anataka kisa cha nini, na mjukuu amtafutie.

Lugha ndiyo kikwazo kikubwa zaidi, na hapa panahitaji kukaa kidogo. Filamu nyingi zinazopatikana ni za Kiingereza, na maandishi ya tafsiri chini ya kioo, hata yanapokuwepo, hupita haraka kwa mtoto wa darasa la tatu na hayamsaidii mzee asiyeona vizuri. Soko la Tanzania lilijibu tatizo hili kwa filamu za kutafsiriwa, ambamo msimulizi hurekodi sauti yake juu ya filamu ya kigeni na kueleza kwa Kiswahili yanayotokea. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa wasimulizi waliopata umaarufu mkubwa kwa sanaa hiyo. Ni sanaa ya kweli, yenye ucheshi wake, lakini msimulizi wa sokoni huzungumza na watu wazima wa kibandani, na matani yake si ya kila sebule.

Njia bora ni familia kuwa na msimulizi wake. Kijana wa sekondari anayekijua Kiingereza aitazame filamu kabla, kisha jioni akae karibu na kioo na kusimulia, akifuata kanuni chache: asitafsiri kila neno, bali aeleze kila tukio linapoanza, asimamishe filamu pale tu kisa kinapogeuka, na wahusika wenye majina magumu awape majina ambayo bibi atayakumbuka. Kazi hii humfundisha kijana Kiingereza kuliko zoezi la daftarini, humpa heshima mbele ya wadogo zake, na, jambo lililo kubwa zaidi kwa mwongozo huu, huirudisha ile sauti ya jikoni iliyojua wasikilizaji wake ni nani.

Filamu zisizo na maneno mengi zina faida nyingine, kwa sababu huwaweka mtoto wa miaka mitano na babu wa miaka sabini katika hali moja ya kuelewa, nazo zinafaa hasa jioni za mvua ambapo bati limemeza sauti. Vituko vya Mr. Bean vinajulikana hata vijijini. Filamu za Charlie Chaplin hazijulikani vya kutosha.

Filamu za Kitanzania huondoa tatizo la lugha na kuleta mengine mawili. La kwanza ni kwamba nyingi ziliuzwa kwa sehemu mbili, na aliyenunua ya kwanza hugundua mwishoni kwamba kisa kimekatwa katikati. Sehemu zote zihakikishwe zipo kabla ya jioni. La pili ni uchawi, ambao katika baadhi ya filamu huonyeshwa kama maelezo ya kawaida ya ugonjwa, utajiri na kifo. Mkoa wa Njombe uliguswa na mauaji ya watoto mapema mwaka 2019, yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na mzazi wa mkoa huu ana sababu ya kutosha ya kutowaachia watoto wajifunze jambo hilo kutoka kwenye filamu bila mkubwa wa kulizungumzia. Filamu kama hiyo ikitazamwa, itazamwe na vijana wakubwa, na mazungumzo yake yawe marefu kuliko kawaida.

Bodi ya Filamu Tanzania, ambayo msingi wake ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, hukagua filamu na kuzipanga katika madaraja ya umri, lakini nakala iliyowekwa kwenye flashi dukani haina daraja wala jalada. Kwa hiyo mzazi hana budi kuitazama filamu mwenyewe, walau kwa kuruka-ruka. Nakala za namna hiyo, licha ya kubeba virusi vya kompyuta, humnyima msanii haki anayolindiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Filamu zinazorushwa na ving'amuzi, au zilizowekwa mtandaoni na watayarishaji wenyewe, zipo nyingi za kuanzia. Anayepakua kwa simu atumie bando la usiku na ubora wa kati, ambao huchukua takribani MB 300 kwa saa.

Mwisho ni suala la heshima. Kipande cha mapenzi kinachopita bila neno mbele ya mume na mke huwa mzigo mzito pale mama mkwe anapokuwa amekaa kwenye kochi moja na mkwewe, na kukimbilia rimoti wakati huo huongeza aibu kuliko kuipunguza. Wakwe wakiwapo, ichaguliwe filamu ambayo mtu ameshaiona yote.

*KISANDUKU CHA 2: Za kuanzia*

– *Ubongo Kids*, katuni ya Kitanzania iliyoanza kurushwa mwaka 2014, inayofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Vipindi vyake ni vifupi. Kimoja chatosha kuwa sehemu ya wadogo kabla ya filamu kuu.
– *The Kid* (1921) ya Charlie Chaplin, kisa cha maskini anayemlea mtoto aliyeokotwa. Haina mazungumzo ya sauti, na maandishi yake ni machache.
– *Supa Modo* (2018) ya Mkenya Likarion Wainaina, dakika 74, kuhusu binti mgonjwa anayetamani kuwa shujaa wa filamu, na kijiji kinachoshirikiana kumtimizia. Mtoto huyo haponi; familia iliyofiwa karibuni isubiri.
– *The Boy Who Harnessed the Wind* (2019), kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, aliyejenga kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli na vyuma chakavu baada ya njaa ya miaka ya 2001 na 2002. Ina karibu saa mbili, na inahitaji msimulizi. Mkulima wa mahindi hahitaji kuelezwa mengine.
– *Queen of Katwe* (2016), kuhusu Phiona Mutesi wa Kampala na mchezo wa sataranji. Ni ndefu, inaweza kugawanywa katika jioni mbili.
– Kwa wakubwa peke yao, watoto wakishalala: *Vuta N'kuvute* (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi.

Utaratibu wa jioni yenyewe

1. Siku mbili kabla, mwenye zamu atangaze filamu wakati wa chakula, na mzazi aihakiki.
2. Siku ya filamu, mchana, ichezwe dakika tano ili kuhakikisha picha, sauti na flashi vinakubaliana na televisheni. Flashi iliyofanya kazi kwenye kompyuta ya dukani haina ahadi ya kufanya kazi sebuleni.
3. Uniti za LUKU au chaji ya betri ziangaliwe kabla ya jua kuzama.
4. Watu wale, vyombo vioshwe na wote, na wadogo wavae nguo za kulalia kabla ya kukaa.
5. Simu zote, pamoja na za wazazi, ziwekwe katika kapu moja mbali na sebule. Anayesubiri simu ya dharura aache mlio wazi.
6. Rimoti ikabidhiwe kwa mtu mmoja, naye ndiye pekee anayesimamisha filamu.
7. Mwenye zamu aseme kwa sentensi moja kwa nini ameichagua.
8. Katikati pawe na mapumziko ya dakika kumi, wadogo walazwe, chai iongezwe.
9. Filamu ikiisha, televisheni izimwe kabisa kabla ya mtu kusema lolote, kwa maana tangazo la kwanza litakaloingia litayaiba mazungumzo.
10. Mazungumzo yaanze na mdogo kuliko wote waliobaki macho, ili asirudie maneno ya wakubwa. Maswali matatu yanatosha: nani alikosea, nani alisamehewa, na wewe ungefanya nini pale mambo yalipoharibika.
11. Baada ya dakika kumi na tano, watu walale, hata kama ubishi haujaisha. Ubishi usioisha utafika shambani kesho, na huko ni mahali pazuri pa kuumalizia.

Chakula kisiwe kazi ya pili kwa mama. Bisi zatosha: vijiko vitatu vya mafuta katika sufuria nzito, punje tatu za majaribio, zikipasuka zitiwe zilizobaki kiasi cha kufunika tako la sufuria kwa tabaka moja, mfuniko uwekwe, na sufuria itikiswe hadi milipuko itulie. Viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma na chai ya tangawizi vinafaa vilevile. Mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe bisi wala karanga nzima, kwani humpalia kwa urahisi, hasa anapocheka. Ulanzi ubaki kilabuni.

Makosa yanayorudiwa

Kosa linaloharibu zaidi ni la mzazi anayegeuza mazungumzo kuwa mahubiri, akichukua kila filamu kama ushahidi wa yale aliyokuwa akimwambia kijana wake tangu Jumatatu; kijana huyo wiki ijayo atakuwa na kazi ya shule isiyokwisha. Kosa jingine ni kuifanya jioni hii kuwa zawadi au adhabu: mtoto aliyevunja kikombe aadhibiwe kwa njia nyingine, kwa sababu anayefukuzwa sebuleni mara mbili hujifunza kwamba nafasi yake hapo ni ya kuazima. Wapo pia wanaoalika majirani wote. Ukarimu ni mzuri, na binamu au mtoto wa jirani mmoja huongeza uchangamfu, ila watu ishirini hawazungumzi, na pale kiingilio kinapoanza kutozwa, hata cha shilingi mia mbili, nyumba imekuwa ukumbi wa maonyesho unaohitaji kibali.

Jioni ikikosekana kwa msiba, ugonjwa au umeme kukatika, isihamishiwe siku nyingine. Iachwe ipite, na zamu ibaki kwa aliyekuwa nayo. Familia inayohamisha siku mara tatu haina tena siku.

*ORODHA YA KUHAKIKI KABLA YA JIONI YA KWANZA*

☐ Siku imekubaliwa na wote, na haigongani na kwaya, jumuiya wala mpira
☐ Mpangilio wa zamu umeandikwa na kubandikwa ukutani
☐ Filamu imehakikiwa na mzazi, na sehemu zake zote zipo
☐ Msimulizi amejulikana, ikiwa filamu ni ya lugha ya kigeni
☐ Umeme au betri vinatosha kwa saa tatu
☐ Godoro na mablanketi vipo. Jiko la mkaa liko nje
☐ Daftari na kalamu vipo

Daftari hilo ni la kuandikia tarehe, jina la filamu, aliyeichagua, na sentensi moja ya hukumu iliyotolewa na familia, ikiandikwa na mtoto anayejifunza mwandiko. Umuhimu wake huonekana watu wanapotawanyika, kwa kuwa watoto wengi wa nyanda hizi huenda shule za bweni mapema, na nyumba ya watu saba hubaki na watatu kuanzia Januari hadi Juni. Waliobaki waendelee katika siku ileile, hata wakiwa wawili na filamu fupi, na aliye bwenini awekewe zamu yake ya likizo. Anaporudi apewe daftari siku ileile ya kufika, ili asichague filamu ambayo wenzake wameshaiona, na ili asome walivyobishana alipokuwa hayupo.